KHARUMWA SI MBALI



Yumkini baadhi yenu mtakapoisoma anwani ya tahariri hii mtauliza: Kharumwa ni wapi, na sisi watu wa visiwani inatukhusu nini? Suala hilo ni la haki, nasi twalijibu kabla hatujakwenda mbele. Kharumwa ni mji mdogo ulio kusini ya Ziwa Victoria, baina ya Geita na Kahama, nao ndio makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale katika Mkoa wa Geita, mkoa ulioundwa mwaka 2012. Wenyeji wake wengi ni Wasukuma, watu wa jembe na ng'ombe, walimao mpunga, mahindi na pamba. Na chini ya ardhi yao mna dhahabu.

Dhahabu haikai peke yake. Panapotajwa kuwa pameonekana mawe mazuri, watu humiminika kutoka kila upande, na wenyewe wachimbaji huuita mmiminiko huo rashi. Katika muda wa siku chache pori hugeuka kijiji: maduara yamechimbwa, vibanda vya turubai vimesimama, karasha zinasaga mawe, mama ntilie wamepanga masufuria, na mwenye nguo za kuuza keshatandika mkeka wake. Miongoni mwa hao wenye mikeka na vibanda katika miji ya Bara wamo ndugu zetu na watoto wetu wa Unguja na Pemba, ambao riziki imewapeleka Mwanza, Kahama, Geita na hata ndani zaidi. Wao huja nyumbani kwa Idi, kwa harusi na kwa maziko. Hupanda basi leo, kesho wapo Dar es Salaam, na siku hiyo hiyo huvuka bahari. Basi hilo ndilo jibu letu la kwanza: Kharumwa ni safari ya siku mbili kutoka kwenye jungu la maji la nyumbani kwako.

Khabari tunayokusudia kuieleza ni ya maradhi ya kuharisha. Ni maradhi ambayo watu huona haya kuyataja mbele za wageni, na kwa ajili ya haya hiyo huua watu kimya kimya. Shirika la Afya Duniani, katika hesabu iliyotolewa mwaka 2024, limekadiria kuwa watoto wapatao 440,000 wa chini ya umri wa miaka mitano hufa kila mwaka ulimwenguni kwa kuharisha. Lau kama idadi hiyo ingekufa kwa vita, kila redio ingelia usiku na mchana.

Tuitazame kwanza namna maradhi haya yanavyozaliwa katika kambi ya dhahabu, kwani huko mambo yanaonekana waziwazi. Wanakuja watu mia, kisha elfu, mahali ambapo hapakuwa na choo hata kimoja. Hakuna ajengaye choo cha kudumu mahali asipojua kama atakaa mwezi au mwaka. Watu huenda vichakani. Mvua inaponyesha huyakokota yote hayo mpaka kwenye lambo na kwenye visima vya kienyeji visivyo na mfuniko wala ukuta. Ng'ombe hunywa hapo, mchimbaji huoga hapo, na mtoto hutumwa hapo hapo na dumu lake. Maji hayo ndiyo yanayooshea vyombo vya mama ntilie na ndiyo yanayotiwa katika kikombe cha uji. Mkono uliotoka chooni, au uliotoka kumtawaza mtoto, bila ya sabuni ukaingia katika sahani ya ugali wanayokula watu sita pamoja.

Wala tusidhani kwamba kuwa karibu na ziwa ni sawasawa na kuwa na maji. Tangu mwaka 2009 maji ya Ziwa Victoria yamevutwa kwa mabomba kutoka Ihelele hadi miji ya Shinyanga na Kahama, na hiyo ni kazi kubwa isiyofaa kubezwa. Lakini bomba hufika pale tu lilipopelekwa. Kambi iliyozuka mwezi uliopita haimo katika ramani ya mhandisi yeyote.

Je, sisi visiwani tu salama? Twasema hapana, na ushahidi wetu ni tarikhi yetu wenyewe. Daktari James Christie, aliyekuwa tabibu mjini Unguja, aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1876 juu ya kipindupindu katika Afrika Mashariki. Alionyesha kuwa maradhi makubwa ya 1869 na 1870 hayakuja kwa jahazi kutoka Hindi, kama watu walivyodhani. Yalikuja kwa nchi kavu, kwa njia za misafara, yakapita nchi ya Wamasai yakashuka Pangani, na kutoka Pangani yakavuka kuja Unguja. Wakati huo hapakuwa na basi wala gari moshi. Maradhi yalikuja kwa miguu, na yakafika. Mwaka 1978 kipindupindu kiliingia tena Zanzibar, kikianzia katika kijiji cha wavuvi. Na Agosti 2015 kilizuka Dar es Salaam, kikaenea karibu nchi nzima, kisha kikavuka bahari. Kufikia Aprili 2016 wagonjwa waliohesabiwa Bara na Visiwani walizidi 24,000, na katika hao zaidi ya 3,000 walikuwa wa visiwa vyetu hivi. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 kilizuka tena katika mikoa ya upande wa ziwa, Mwanza, Simiyu na Shinyanga ikiwamo. Mlango ulioingia mgeni mara nyingi kiasi hicho hauwezi kuitwa mlango uliofungwa.

Tena ardhi yetu ina aibu yake. Sehemu kubwa ya Unguja na Pemba imekaa juu ya jiwe la matumbawe, jiwe lenye matundu kama sifongo. Kinachomwagika katika shimo la choo hupenya upesi na kuonana na maji ya kisima kilicho jirani. Kisima hicho chaweza kuwa na maji meupe, matamu na ya baridi, kumbe ndani yake mmejaa maradhi. Macho na ulimi si vipimo vya usafi wa maji.

Sasa tuseme juu ya sababu. Kuharisha kwa kuambukizwa huletwa na vijidudu vilivyo hai, visivyoonekana kwa jicho, ambavyo hutoka katika kinyesi cha mtu na kuingia katika kinywa cha mtu mwingine. Hakuna njia nyingine kubwa kuliko hiyo, hata kama maneno yenyewe yanachusha kuyasikia. Viko virusi, na mashuhuri kwa watoto wachanga ni vile viitwavyo rota, vilivyogunduliwa mwaka 1973. Viko bakteria, kama kile kinacholeta kuhara damu, alichokigundua Mjapani Kiyoshi Shiga mwaka 1897, na kile cha kipindupindu, ambacho Mjerumani Robert Koch alikidhihirisha katika safari yake ya Misri na Hindi ya 1883 na 1884. Viko na vidudu vyengine kama amiba. Hivi vyote vina njia moja: maji, chakula, nzi na mikono.

Kipindupindu kina hila moja zaidi ambayo yafaa kila mtu aifahamu. Wengi wanaokimeza kijidudu hicho hawaumwi kabisa, au huumwa kidogo tu, lakini hukitoa katika choo chao kwa siku kadhaa, hata kufikia siku kumi. Basi msafiri aliyetoka Bara akiwa mzima wa afya aweza kukileta bila ya kujua. Kwa sababu hiyo haifai kumnyooshea kidole msafiri, wala kumtenga, wala kusema kuwa watu wa fulani ndio wachafu. Dawa yake ni kuwa akifika, akute choo kizuri, maji salama na sabuni.

Zipo na fikira nyengine ambazo hatuna budi kuzitaja, ijapokuwa twajua baadhi ya wazee hawatapendezwa. Katika pwani yetu mtoto akiharisha na kukonda watu husema amebemendwa, yaani wazazi wake wameivunja miko wakati bado ananyonya. Matokeo yake ni nini? Mama hufedheheka. Huogopa kumpeleka mtoto hospitali kwa kuchelea kuwa jirani watamtafsiri. Anakaa naye ndani siku tatu, na siku tatu kwa mtoto anayeharisha ni umri mzima. Huko upande wa ziwa, mkoani Kagera, mwishoni mwa miaka ya 1980 ilienea khabari ya meno ya plastiki: mtoto akishikwa na homa na kuharisha, alichanwa ufizi ati yatolewe meno mabaya yanayomdhuru. Na mtindo huo haukukaa Kagera peke yake. Mtoto ambaye amepungukiwa na maji mwilini akaongezewa na jeraha kinywani, asiweze kunyonya, amepewa maradhi mawili badala ya moja. Sisi hatumtukani mtu kwa imani yake. Twasema tu kwamba aliyemdhuru mtoto ni kijidudu kilichokuwamo katika maji, na mama yake hana lawama ya kubebeshwa.

Kinachoua katika maradhi haya ni kutoka kwa maji na chumvi za mwili. Mtu mzima aliyeshikwa na kipindupindu kikali aweza kupoteza maji kiasi cha lita moja kwa saa, akafa siku ile ile iliyomwanza. Asipotibiwa, kati ya wagonjwa wakali wawili mmoja huweza kufa. Akitibiwa upesi na kwa njia iliyo sawa, katika wagonjwa mia hafi hata mmoja. Tafauti hiyo kubwa haitokani na sindano ya thamani wala mashine, bali na maji, chumvi na sukari.

Jambo hili limethibiti kwa njia ambayo wapenzi wa maskini yafaa waikumbuke. Wataalamu walikwisha kuona kuwa utumbo ulioumwa hauwezi kuipokea chumvi peke yake, lakini sukari ikifuatana nayo, mlango hufunguka: chumvi huingia pamoja na sukari, na maji hufuata nyuma. Mwaka 1971, wakimbizi wa vita vya Bangladesh walipofurika katika kambi za Bengali ya Magharibi nchini Hindi, kipindupindu kikawashukia. Chupa za maji ya kutundika zikawa hazitoshi. Daktari Dilip Mahalanabis, katika kambi ya Bongaon, akaamuru wagonjwa wanyweshwe maji yaliyochanganywa sukari na chumvi, tena wanyweshwe na jamaa zao wenyewe. Vifo vilivyokuwa takriban 30 katika kila wagonjwa 100 vikashuka chini ya 4. Jarida kubwa la matabibu la Uingereza liliandika mwaka 1978 kwamba huenda ugunduzi huu ukawa ndio mkubwa kuliko yote ya utabibu katika karne ile.

Basi ifanywe hivi. Mtoto akianza kuharisha, asingojewe. Mwendee mkuu wa zahanati au duka la dawa upate pakiti ya ORS, uichanganye na lita moja ya maji salama, kama ilivyoandikwa juu yake. Pakiti isipopatikana, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, utie vijiko sita vya chai vya sukari, viwe vya kusawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Sisi tulioshika mizani dukani twajua thamani ya kipimo: hapa si mahali pa kukadiria kwa mkono, kwa sababu chumvi ikizidi humdhuru mtoto. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha. Aliye mkubwa zaidi, nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, ngoja dakika kumi, kisha anza tena kwa kijiko, kidogo kidogo. Maji hayo yakifikisha siku moja, yamwagwe, yatengenezwe mengine.

Anyonye, wala asizuiwe ziwa la mama. Ale, wala asifungishwe. Wale wanaosema kuwa ukimpa maji atazidi kuharisha wamekosea: hali ya mtoto anayeharisha ni kama mtungi unaovuja, na mtungi unaovuja haujai kwa kunyimwa maji. Tena apewe vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, kwa kipimo atakachokitaja mganga; tangu 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF yamevihimiza, kwani hufupisha maradhi na huyazuia yasirudi upesi.

Ukiona macho yameingia ndani, utosi umebonyea, mdomo mkavu, mtoto analia bila ya machozi, ngozi ukiifinya hairudi upesi, hawezi kunywa au amelegea. Au ukiona damu katika choo. Au mtu mzima anaharisha maji kama ya kuoshea mchele: usingoje asubuhi. Mchukue hospitali, na njiani uendelee kumnywesha.

Hapa tuna neno na wafanya biashara wenzetu. Ni ada iliyoenea katika maduka, ya Bara na ya Visiwani, kuuza vidonge viwili vya rangi mbili kwa kila anayeshika tumbo. Dawa za kuua bakteria haziviui virusi, na kuharisha kwingi kwa watoto ni kwa virusi. Dawa hizo zina mahali pake, katika kuhara damu na katika kipindupindu kikali, kwa amri ya tabibu. Zikitumiwa ovyo, vijidudu huzizoea, na siku ya haja hazitafaa kitu. Na dawa za kufunga tumbo asipewe mtoto kabisa. Mwenye duka anayemcha Mungu naaweke rafuni pakiti za ORS, sabuni na vidonge vya klorini vya kutia majini. Faida yake ni ndogo, lakini ni halali na ina baraka.

Tiba tumeisema, lakini kinga ndiyo bora. Choo kiwe na mfuniko na kiwe mbali na kisima. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini, yawekwe katika chombo chenye shingo nyembamba au bomba, yasichotwe kwa kata iliyoshikwa na kila mkono. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kupika, kula na kulisha. Watoto wapelekwe chanjo. Chanjo ya rota imo katika utaratibu wa nchi tangu 2013. Na juu ya kipindupindu, tunao ushahidi wa nyumbani: mwaka 2009 baadhi ya vijiji na mitaa ya Unguja na Pemba walipewa chanjo ya kunywa, na uchunguzi uliotolewa 2012 ulionyesha kuwa waliokunywa mara mbili walikingwa kwa kiasi cha asilimia 79. Hata hivyo chanjo haisimami badala ya bomba.

Kwa serikali tuna madai matatu. La kwanza: maji yatangulie amri. Kila maradhi yanapozuka, jambo la haraka tunaloliona ni kufungwa kwa vibanda na kufukuzwa kwa muuza urojo na mama ntilie. Wakati wa hatari kufunga kwaweza kuwa lazima, lakini kumfungia mtu riziki bila ya kumpa maji safi ya kuoshea vyombo ni kumwadhibu kwa dhambi isiyo yake. Seyyid Barghash, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888, aliyavuta maji ya chemchemi kwa mfereji hadi mjini. Haifai katika zama hizi mtaa wowote wa visiwa hivi ubebe ndoo kutafuta maji ambayo hayakupimwa.

La pili: khabari zitolewe. Maradhi yakiingia, yaitwe kwa jina lake, na idadi ya wagonjwa itangazwe shehia kwa shehia, kila wiki. Wanaochelea kuwa watalii watakimbia wafahamu kuwa mtalii hukimbia zaidi anapogundua kuwa amefichwa. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

La tatu ni kwa wenye mamlaka ya Bara: panapotolewa leseni ya kuchimba, choo na maji viwe ni sharti la leseni, kama ushuru ulivyo sharti. Haiwi haki dhahabu ipimwe kwa mizani nyeti na uhai wa mchimbaji usipimwe kabisa.

Mwisho twasema na sisi kwa sisi. Wanachama wenzetu mnakumbuka kuwa maradhi ya 2015 na 2016 yalitukuta katika wakati mchungu. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa, ukarudiwa Machi 2016, na watu wakasusiana duka, chombo cha safari, hata maziko. Uchungu ule ulikuwa na sababu zake na hatuukani. Lakini kijidudu cha kipindupindu hakiulizi kadi ya chama. Kisima cha jirani yako uliyemsusia kina njia chini ya jiwe mpaka kwenye kisima chako. Basi yule afisa wa afya anayekuja na klorini asirudishwe mlangoni kwa kuwa ameletwa na sheha wa upande wa pili, wala mtoto asinyimwe chanjo kwa kuwa aliyeitangaza hatumpendi. Kuipinga serikali ni haki yetu. Kuyapinga maji safi si siasa.

Kila tawi na lianze kwa jambo dogo: lihesabu visima na vyoo vya shehia yake, liandike kilicho kizima na kibovu, na liipeleke hesabu hiyo kwa wakhusika, nakala ibaki tawini. Kila tawi liwe na mtu mmoja, na bora awe mwanamke, anayejua kuchanganya lita ile ya maji kwa kipimo chake na kuwafundisha wengine. Na kila mwenye jamaa Bara, katika Kharumwa au Kahama au popote penye duara la dhahabu, amfikishie maneno haya. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wetu huu unapitisha maji ya kunywa ya watoto.